Damu ya Mzazi ni Amana: Maelezo Juu ya Mabadiliko ya Mwili wa Mja Mzito na Hatari ya Kutokwa na Damu Baada ya Kujifungua



Mwanamke anapokuwa mja mzito, tumbo ndilo linaloonekana na kila mtu. Lakini yapo mabadiliko mengine makubwa yasiyoonekana kwa macho, nayo ni mabadiliko ya damu. Maelezo haya yanahusu damu hiyo: jinsi mwili unavyoiongeza kwa muda wa miezi tisa, jinsi inavyoweza kupotea kwa muda wa saa moja, na yale yanayompasa kila mmoja kuyafanya ili isipotee. Jukumu hili si la mja mzito peke yake. Ni la mume, la wazee wa nyumbani, la sheha na la mkuu wa kazi.

Damu ya mja mzito huanza kuongezeka tangu wiki za mwanzo za mimba. Ifikapo miezi mitatu ya mwisho huwa imeongezeka kwa kiasi cha asilimia 40 hadi 50. Yaani mwanamke aliyekuwa na lita 4 na ushei huweza kufikia lita 6 hivi. Moyo nao hulazimika kusukuma damu nyingi zaidi, na mapigo yake huenda mbio kuliko kawaida. Mfuko wa uzazi, ambao kabla ya mimba uzito wake haufiki gramu 100, hufikia kilo 1 hivi, na karibu na siku ya kujifungua hupitiwa na nusu lita ya damu au zaidi kila dakika. Ongezeko hili lina manufaa mawili. La kwanza ni kumlisha mtoto aliyemo tumboni. La pili ni akiba, kwani mwili hujiandaa kwa damu ambayo haina budi kutoka siku ya uzazi.

Hata hivyo, katika ongezeko hilo maji ya damu huzidi chembe nyekundu, na kwa hivyo damu huwa nyepesi. Wepesi wa kiasi ni jambo la kawaida. Lakini kipimo cha wekundu wa damu kikishuka chini ya gramu 11 kwa kila desilita, mja mzito huhesabiwa kuwa ana upungufu wa damu, na kikishuka chini ya gramu 7 upungufu huo ni mkubwa na wa hatari. Dalili zake ni uchovu usiokwisha, kuhema kwa kazi ndogo, kizunguzungu, na weupe wa viganja na wa ndani ya kope. Hamu ya kula udongo au mchele mbichi, ambayo watu wengi huichukulia kuwa ni mzaha wa mimba, mara nyingi hufuatana na upungufu huo. Mja mzito mwenye hamu hiyo asichekwe. Apelekwe kupimwa damu. Udongo wenyewe haumwongezei damu, bali unaweza kumtilia minyoo.

Kwa muda wote wa mimba mwili huhitaji takriban gramu 1 ya madini ya chuma, na ni vigumu kuipata kwa chakula peke yake. Kwa sababu hiyo mja mzito hupewa vidonge vya madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki, ambavyo hutakiwa kumezwa kila siku. Wapo wanaoviacha kwa sababu ya kichefuchefu, au kwa kuogopa choo kuwa cheusi. Choo cheusi kwa mwenye kumeza vidonge hivi ni jambo la kawaida, na kichefuchefu hupungua vikimezwa baada ya chakula au wakati wa kulala. Dagaa, samaki, nyama, kunde, choroko, mchicha na kisamvu husaidia. Ndimu, chungwa au pera likiliwa pamoja na chakula huuwezesha mwili kuyachukua vizuri zaidi madini hayo. Chai na kahawa huyazuia, na hivyo inafaa zisinywewe pamoja na chakula wala pamoja na vidonge. Dawa ya minyoo hutolewa baada ya miezi mitatu ya mwanzo kupita, na chandarua kilichotiwa dawa hutumiwa kila usiku, kwani malaria huharibu chembe nyekundu za damu.

Yote hayo huanzia katika kituo cha afya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, lilishauri kuwa mja mzito aonwe na mhudumu wa afya mara 8 kabla ya kujifungua, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12 za mimba. Anayekwenda kwa mara ya kwanza katika mwezi wa saba, upungufu wake wa damu hugundulikana wakati muda wa kuurekebisha umebaki mdogo.

Ndugu wananchi, siku ya kujifungua ndiyo siku ambayo akiba hiyo yote hutiwa katika mtihani. Mtoto akishazaliwa, kondo la nyuma hubanduka, na pale lilipokuwa limeshika hubaki midomo ya mishipa iliyo wazi. Misuli ya mfuko wa uzazi imepangika kwa kupishana, na ikikaza huibana mishipa hiyo mithili ya kamba inavyofunga mdomo wa gunia. Mfuko ukikaza, damu hupungua. Mfuko ukilegea, mishipa hubaki wazi, na mama aliyekuwa mzima wa afya anaweza kufariki katika muda wa saa mbili au hata kabla ya hapo. Kulegea huku ndiko chanzo kikubwa cha kutokwa na damu nyingi. Vyanzo vyengine ni kipande cha kondo kubakia ndani, kuchanika njia ya uzazi, na damu kutoganda. Mama ambaye tokea hapo ana upungufu wa damu huzidiwa mapema zaidi, kwa sababu akiba yake ni ndogo.

Hapa hapana budi kusema wazi juu ya imani moja iliyozoeleka. Wapo wanaoamini kuwa damu inayotoka baada ya kuzaa ni uchafu, na kwamba kadiri inavyotoka kwa wingi ndivyo mzazi anavyosafika. Ni kweli kuwa damu kiasi hutoka kwa kila mzazi, na kwamba katika siku zinazofuata hupungua na kubadilika rangi. Lakini damu inayomwagika kwa wingi si uchafu. Ni ile ile iliyokuwa ikimlisha mtoto, na ndiyo inayoendesha moyo na ubongo wa mama. Vitambaa viwili au vitatu vikiloa chepechepe katika muda wa dakika 20 hadi 30 baada ya kujifungua, hiyo ni hatari. Damu inayotiririka kidogo kidogo bila ya kukatika nayo ni hatari. Mzazi akianza kuona kiza, kutoka jasho la baridi au kusema maneno yasiyoeleweka, muda uliobaki ni mchache sana.

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na kauli hiyo inathibitika katika jambo hili. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali zipatazo 80 za Kenya, Nigeria, Afrika ya Kusini na Tanzania. Katika utafiti huo, damu ya mzazi haikukisiwa kwa macho. Ilikusanywa katika mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo uliotandikwa chini yake, na ilipofikia kiwango cha hatari, matibabu yote yalitolewa kwa pamoja bila ya kungojeana. Kutokwa na damu kwa kiwango kikubwa, pamoja na madhara yake, kulipungua kwa asilimia 60. Jicho, hata la mkunga mzoefu, mara nyingi huiona damu kuwa ni chache kuliko ilivyo.

Matibabu hayo yanahitaji vitu ambavyo nyumbani havipo. Kila mzazi hupaswa kupigwa sindano ya oksitosini mara tu mtoto anapozaliwa, ili mfuko wa uzazi ukaze. Dawa hiyo huhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na huharibika ikiachwa kwenye joto. Ipo dawa ya kuzuia damu iliyoganda isiyeyuke, nayo hufaa ikitolewa ndani ya muda wa saa tatu tangu kujifungua. Yapo maji ya mishipani, na ipo damu ya kuongezwa. Ni kweli kuwa mwanamke aliyezaa mara nyingi, mwenye mimba ya pacha au aliyewahi kutokwa na damu nyingi yumo katika hatari zaidi; lakini wengi wanaopatwa na msiba huu hawakuwa na dalili yoyote kabla yake. Hapana anayeweza kuchaguliwa mapema kuwa huyu atasalimika akizalia nyumbani. Kwa hivyo inawapasa waja wazito wote wajifungue mbele ya mhudumu mwenye ujuzi, na mkunga wa jadi, ambaye familia inamwamini na kumheshimu, awe ndiye wa kwanza kumfikisha mzazi kituoni.

Kuchelewa mara nyingi huanzia nyumbani. Mama mkwe humngojea mume, mume yuko baharini au safarini, na gari hutafutwa wakati damu imekwishaanza kutoka. Katika visiwa vidogo kama vile Tumbatu na Fundo, safari hutegemea pia maji na upepo. Kwa sababu hiyo mambo manne yaamuliwe kabla ya mwezi wa tisa: mahali pa kujifungulia, chombo au gari na nauli yake, mtu wa kufuatana na mzazi, na watu wawili au zaidi walio tayari kutoa damu. Ruhusa ya mume itolewe mapema na mbele ya wazee, ili asiwepo wa kungojewa wakati wa dharura. Anayeishi mbali asogee karibu na hospitali kabla ya siku zake kutimia. Masheha wanaombwa kuwajua waja wazito wa shehia zao na wenye vyombo wanaoweza kuitwa usiku.

Wakuu wa kazi nao wana sehemu yao. Mtumishi mja mzito apewe nafasi ya kwenda kliniki bila ya kunung'unikiwa, asipangiwe kusimama kutwa nzima, na mumewe aruhusiwe kumsindikiza. Aidha, damu haitengenezwi kiwandani. Hutoka kwa mtu mzima wa afya. Mwanamme anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke kila baada ya miezi minne. Afisi inayojipangia siku ya kuchangia damu huenda ikawa imemwokoa mzazi ambaye hapana hata mmoja katika afisi hiyo atakayemjua.

Mwisho, hatari haiishi siku ya kujifungua. Mtoto awekwe ziwani ndani ya saa ya kwanza, kwani kunyonya husaidia mfuko wa uzazi kukaza. Vidonge vya madini ya chuma viendelee kwa wiki 6 hadi 12 kama atakavyoelekezwa mzazi. Katika siku zote arubaini, damu ikirudi kutoka kwa wingi, au ikitokea homa, harufu mbaya, maumivu makali ya kichwa au kuona ukungu, mzazi asikandwe wala asisubirishwe. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Shirika la Afya Duniani na washirika wake walikadiria kuwa katika mwaka 2023 wanawake 260,000 hivi walifariki duniani kote kwa sababu za mimba na uzazi, na kutokwa na damu ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo hivyo. Wengi wao wangeokoka. Mwili wa mama hutumia miezi tisa kuiweka akiba yake. Waliomzunguka wanaombwa saa chache tu za kuilinda.