Jicho Lililojeruhiwa kwa Bomu: Wajibu Wetu Waamini



Tumeombwa tuzungumze juu ya majeruhi wa vita na mabomu, nasi tumechagua kiungo kimoja tu, yaani jicho. Macho ni sehemu ndogo sana ya mwili, haifiki hata moja kwa mia. Hata hivyo, katika Vita vya Ghuba vya mwaka 1991, takriban askari 13 katika kila majeruhi 100 wa Kimarekani waliumia macho. Askari hufunikwa kichwa na kifua, lakini uso hubaki wazi ili apate kuona. Kipande cha chuma ambacho pajani kingeacha mkwaruzo tu, jichoni huleta giza la maisha.

Raia hana hata hiyo kofia ya chuma. Tukumbuke Nairobi, Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998. Kabla ya lori kulipuka nyuma ya ubalozi wa Marekani, ulisikika mshindo wa bomu la mkono. Watu wa maofisi ya jirani wakafanya ambalo sisi sote tungelifanya: wakakimbilia madirishani kutazama. Ndipo ukaja mlipuko mkubwa, na vioo vikawaingia usoni. Nairobi walikufa watu 213, wakajeruhiwa zaidi ya 4,000, na wengi wakapoteza jicho moja au yote mawili. Walikuwa makarani, abiria na wapita njia, wasio na ugomvi na mtu.

Wala tusidhani hayo ni ya mbali. Tarehe 5 Mei 2013, hapa Arusha, bomu lilirushwa katikati ya waamini waliokusanyika Olasiti kwa uzinduzi wa kanisa la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, mbele ya Balozi wa Baba Mtakatifu. Watu 3 walifariki na zaidi ya 60 walijeruhiwa. Miaka ile ile viongozi wa dini, masheikh na mapadre, walimwagiwa tindikali, Zanzibar na hata mjini kwetu. Mwenye kumwaga tindikali usoni anajua vizuri anachokitafuta.

Mataifa yalikubaliana huko Vienna mwaka 1995 kupiga marufuku silaha za leza zilizokusudiwa kupofusha. Ni hatua njema, na tunaisifu. Lakini wengi wa waliopofuka katika kanda yetu hawakupofushwa na leza, bali na kioo cha dirisha. Na majengo ya vioo, kama mnavyoona, yanazidi kuota mjini Arusha.

Kwa hiyo, ukisikia mshindo, usiende dirishani. Lala chini, ugeuze uso. Jicho lililochomwa na kipande lisisuguliwe, lisioshwe, wala kipande kisichomolewe, na dawa ya kienyeji isitiwe. Lifunikwe kwa kikombe kisichogusa jicho, na mgonjwa apelekwe hospitali ya Mount Meru au KCMC, Moshi, siku hiyo hiyo, kwa maana jicho lililojeruhiwa likiachwa laweza kuliharibu hata lile lililo zima. Tindikali ni kinyume: maji safi, mengi, papo hapo, kabla ya safari yoyote.

Baada ya hospitali huanza lililo gumu zaidi. Waathirika wa Nairobi wamedai fidia kwa zaidi ya miaka 20, na mara nyingi wameambiwa wavumilie. Ndivyo umati ulivyomfanyia Bartimayo kule Yeriko: ulimkemea anyamaze. Bwana alimwita, kisha akamwuliza anataka nini. Sisi huwa hatuulizi. Twapeleka sukari na sabuni wakati wa Kwaresima, tukarudi nyumbani tumeridhika.

Tunawaomba makatibu wa jumuiya, kuanzia mjini hadi parokia za chini ya Mlima Meru, wawatembelee waliopoteza macho kwa mabomu, tindikali au mapigano ya ardhi, wakiwamo askari waliostaafu na wasio wa dini yetu, na wawaulize. Mmoja atataka fimbo nyeupe. Mwingine atataka mtu wa kumsomea barua ya mahakama iliyokaa kabatini miaka mingi bila kufunguliwa.