Safari Inaposimama Njiani



Wapendwa wasikilizaji, waamini wenzetu wa Kasoli na wa Bariadi yote, nanyi makatekista mnaoongoza ibada vigangoni Dominika hii ambako padre hakuweza kufika, twawasalimu katika upendo wa Bwana.

Kila mwaka, Juni 3 inapokaribia, wapo miongoni mwetu wanaofunga safari ya kuhiji Namugongo, nchini Uganda, walikofia dini mashahidi wetu. Safari hiyo ni ndefu. Kutoka Kasoli twashuka hadi Lamadi, twashika barabara kuu ya Mwanza kupitia Magu na Kisesa, twavuka ziwa kati ya Kigongo na Busisi, kisha twaendelea Geita, Bukoba na Mutukula. Msafiri hupanga atakapolala na saa atakayofika. Lakini gurudumu hupasuka, mto hufurika, mtoto huugua. Gari likisimama, twanung'unika, twamlaumu dereva, twaihesabu siku hiyo kuwa imepotea. Leo tujiulize: Je, Mungu hutungojea mwisho wa safari tu, au yupo pia pale tunaposimama bila kutaka?

Maandiko Matakatifu yanatusaidia. Yakobo, akimkimbia ndugu yake, alilala mahali asipopachagua kwa sababu jua lilikuwa limetua. Alipoamka alitambua kwamba Mungu alikuwapo, akalisimamisha jiwe alilolilalia liwe kumbukumbu. Ndivyo Betheli ilivyoanza: mtu alikutwa na giza njiani. Naye Bwana wetu alipochoka kwa mwendo aliketi penye kisima cha kale cha Yakobo huko Samaria. Katika kupumzika huko, mwanamke mmoja aliyekuja kuteka maji alimpata Mwokozi, na mji wake ukapata habari njema.

Ndugu zangu, mambo ya namna hiyo yametokea pia kando ya barabara yetu. Huko Kageye, ufukoni mwa ziwa katika nchi ya Magu, walifika mwishoni mwa mwaka 1878 Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe. Walikuwa wametembea kwa miguu kutoka Bagamoyo, na njiani walikuwa wamemzika mwenzao. Walitaka kwenda Uganda, lakini hawakuwa na vyombo vya kuwavusha wote. Mnamo Januari 1879 Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans walitangulia kwa mtumbwi. Wenzao walibaki wakingoja kwa miezi kadhaa.

Tena, mwishoni mwa mwaka 1882, mapadre hao waliona maisha yao yako hatarini katika ufalme wa Kabaka Mutesa, wakaondoka Uganda. Kazi waliyoianza ilionekana imevunjika. Walirudi kusini mwa ziwa, na mwaka 1883 wakakaa Bukumbi, katika nchi ya Wasukuma. Bukumbi haikuwa shabaha ya safari yao. Palikuwa mahali pa kukimbilia. Hata hivyo, hapo ndipo ilipozaliwa misioni ya kwanza ya Kikatoliki kusini mwa ziwa, nasi tunaosali leo katika Usukuma tu watoto wa kituo hicho ambacho hakikupangwa.

Na huko Uganda je? Wakristo walibaki bila padre, wengi wao wakiwa wamebatizwa karibuni tu. Lakini Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa na Matia Mulumba waliwakusanya wenzao, wakawafundisha na kusali pamoja nao. Mapadre waliporudi mwaka 1885 walikuta kundi halikutawanyika, bali limeongezeka. Viongozi hao watatu waliuawa kwa ajili ya imani mwaka 1885 na 1886, na mwaka 1964 Kanisa likawatangaza kuwa watakatifu. Makatekista wapendwa, mnaposimama mbele ya waamini bila padre, msijione kuwa viraka tu. Mnaishika kazi ile ile iliyoshikwa na mashahidi.

Kabla ya daraja la Kigongo na Busisi kufunguliwa mwaka 2025, wasafiri walingoja kivuko kwa muda mrefu, wakitazama saa zao. Ni wangapi walijua kwamba Bukumbi haiko mbali na foleni ile? Mtu aweza kusimama karibu na chemchemi ya imani yake, asione ila ucheleweshaji.

Wapendwa, hatusemi kwamba kila kikwazo ni chema. Kijana aliyekatishwa masomo kwa kukosa ada ana haki ya kulia. Vivyo hivyo mama aliyerudi kwa wazazi wake akiwa na watoto na mzigo wa nguo, na mkulima ambaye pamba yake imekauka shambani. Tusiwaendee na maneno mepesi. Kujikwaa si kuanguka, lakini aliyejikwaa huhitaji mkono wa kumshika. Mungu aliyekuwapo Betheli na Bukumbi huwafikia watu hao kwa miguu yetu. Tukiwapita bila kuwatazama, watajuaje kwamba yupo?

Basi, juma hili kila jumuiya ndogondogo imtafute mtu mmoja ambaye safari yake ya maisha imesimama. Tumtembelee, tuketi naye, tumsikilize kabla ya kumshauri, kisha tumsaidie kwa kile tulicho nacho. Nanyi mtakaokwenda kuhiji, ombeni mpitishwe Bukumbi, mkashukuru hapo kwa ajili yetu sote. Na gari likiharibika njiani, kabla ya kunung'unika tazameni ni nani aliye karibu nanyi.

Ee Bwana, uliyeketi kisimani kwa uchovu, ukae nasi tunaposafiri na tunaposimama. Amina.