SOMO LA REDIO: KUUNGA KOMPYUTA NDOGO KWA FEDHA KIDOGO

Ninyi mliokaa darasani na mwalimu wenu huko Malangali, Sumbawanga, fungueni madaftari.

Tuseme watu watano wa Malangali wameuza mahindi na maharage, wakachanga fedha. Wanataka kompyuta ndogo ya kutazamia sinema kwa intaneti na kuchezea gemu nyepesi. Fedha hiyo ni ya jasho. Ikinunua kitu kisichofaa, hairudi. Basi, wanunue nini?

Kompyuta ina viungo sita. Mwalimu, viandike ubaoni. Prosesa ni ubongo. Ubao mkuu huunganisha viungo vyote. Ramu hushika kazi inayofanywa sasa. Diski ni ghala. Pawa saplai huleta umeme. Kasha ni nyumba.

Wengi hukosea kwa kuanza na kasha lenye taa za rangi. Nyumba nzuri haipiki ugali. Anzeni na prosesa. Chagueni ile yenye uwezo wa picha ndani yake, kama Ryzen 5 5600G, iliyoingia madukani mwaka 2021. Hapo hamtanunua kadi ya picha, nayo ni ghali. Lakini angalieni: prosesa hiyo hukaa katika ubao wa soketi AM4 tu. Mkinunua ubao wa soketi nyingine, haitaingia, na fedha imepotea.

Ramu GB 8 yatosha kwa kuanzia. Vipande viwili vya GB 4 ni bora kuliko kimoja cha GB 8. Kwa nini? Watu wawili wenye ndoo huteka maji upesi kuliko mmoja. Diski iwe ya SSD, maana ni nyepesi kufungua kazi.

Wengine hununua kompyuta ndogo ya ofisi iliyokwisha tumika. Ni njia nzuri, lakini ulizeni kwanza: prosesa ni ya kizazi cha ngapi? Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa kawaida hutaka Intel ya kizazi cha 8 au baadaye. Ikiwa ni ya zamani zaidi, wekeni Linux. Hiyo hailipiwi.

Kabla ya kufungua kasha, chomoeni waya wa umeme. Kisha gusa chuma cha kasha, ili umeme mdogo wa mwilini usiunguze viungo.

Sasa hesabu. Netflix husema picha safi ya HD yaweza kula hadi GB 3 kwa saa, na picha ya kawaida hadi GB 1. Sinema ni ya saa mbili. Wenzetu watatumia bando kiasi gani kwa HD? Na kwa picha ya kawaida? Wataokoa GB ngapi?

Jibuni daftarini, mkasomeane. Anayejua hesabu hii hadanganywi dukani. Kwaherini, ndugu.