Mzigo wa Mwenzio

Somo: Kutoka 18:13–27

Popote mlipo asubuhi hii, jikoni mkiandaa chai, kitandani pa ugonjwa au njiani kuelekea ibadani, tunawaalika tutafakari pamoja juu ya kazi isiyo na mshahara.

Katika shule zetu za msingi kuna kamati ya shule, chombo kinachotambuliwa na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978. Humo hukaa wazazi waliochaguliwa na wenzao, pamoja na walimu, naye mwalimu mkuu huwa katibu. Hawaajiriwi, wala hawahesabiwi saa za kazi. Kazi yao huonekana pale tu inapoharibika.

Sisi tunaozungumza nanyi tulikuwa wajumbe wa kamati ya namna hiyo. Mwaka 2001 Serikali ilifuta ada katika shule za msingi, na mwaka uliofuata ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule tuliozoea kuuita MMEM. Watoto walimiminika shuleni wakakaa sakafuni. Fedha za ujenzi zikaletwa katika akaunti za shule, na kamati za wazazi zikapewa dhamana ya kuzisimamia. Tukamchagua mwenyekiti, mzee mwaminifu, mkulima kama sisi. Tulimpigia makofi, kisha tukaenda zetu nyumbani.

Tangu siku hiyo kila jambo lilikuwa lake. Fundi asipofika, aliitwa yeye. Mchanga ukipungua, aliulizwa yeye. Shule haikuwa na stoo, hivyo simenti ilihifadhiwa chumbani kwake, na mvua iliponyesha usiku aliamka kutazama kama bati linavuja. Siku za msaragambo tulifika wachache, nao wachache wakapungua. Katika vikao tulisema, "Mwenyekiti anajua." Maneno hayo tuliyadhani kuwa ni heshima. Kumbe tulikuwa tunamtwika.

Mwaka wa sita, katika mkutano wa wazazi, mtu mmoja alisimama akauliza iliko mifuko sita ya simenti. Mzee akafungua daftari. Mifuko ile ilitumika kujenga upya sakafu ya choo cha wasichana iliyobomolewa na mvua, na tarehe ilikuwa imeandikwa. Sisi wajumbe tulilijua jambo hilo. Wawili wetu tulikuwa tumeweka sahihi. Lakini minong'ono ilipoanza, hakuna hata mmoja wetu aliyesimama kumtetea. Tulitazama chini. Mzee akaliweka daftari mezani, juu yake akaweka ufunguo, akatoka.

Kikao kilichofuata hakuja. Tukamwendea wanne. Mkewe alitukaribisha, akatupa viti, kisha akasema kwa upole: "Baba zangu, ninyi mmekuja kumwomba mwenyekiti arudi. Mimi ni mwaka wa sita namwomba mume wangu arudi." Nje ya dirisha tuliliona shamba lao la mahindi. Palizi ya pili haikufanyika. Magugu yalikuwa yamefika kiunoni.

Wapendwa, Neno la leo linatupeleka jangwani. Musa ameketi peke yake kuwaamua watu, nao wamesimama kumzunguka tangu asubuhi hata jioni. Aliyeona kasoro si mmoja wa wale waliosimama. Ni Yethro, mkwewe, aliyekuja kutoka mbali, na tukiusoma mwanzo wa sura hiyo tunaona kwamba alikuja akiwa amefuatana na Sipora, mke wa Musa, na wanawe wawili. Aliyewaleta mke na watoto kwa baba yao ndiye aliyeona kwamba baba hana nafasi.

Tuangalie alilosema. Hakumwambia Musa kwamba kazi yake ni mbaya, maana ilikuwa kazi ya Mungu. Alimwambia kwamba namna anavyoifanya si njema, na kwamba atachoka yeye pamoja na watu alio nao. Mara nyingi tunalisahau neno hili la pili. Kazi ya wote ikifanywa na mmoja, mmoja huyo huchakaa, na wale wanaongoja nao huharibika. Husahau kwamba wana mikono. Hujifunza kulalamika, na baadaye hujifunza kushuku.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiwa kichwani pa mwingine, huonekana mwepesi. Hata leo tunalisikia neno hilo. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, wako wazazi wanaosema, "Serikali imelipa, mimi nahusikaje?" Ndugu, fedha hununua bati. Haziamki usiku kulitazama, wala hazimfuati mtoto mtoro hadi kwao.

Lakini Neno linamhusu pia yeye atumikaye. Mzee wetu alitwambia siku ile: "Ndugu zangu, kazi haikunichosha. Nilichoka kuifanya mkinitazama." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza kwa unyofu: "Na ufunguo niliukatalia mwenyewe. Sikuwaamini." Hapo na sisi tulinyamaza. Yako majivuno yanayovaa vazi la utumishi, yanayomwambia mtu kwamba asipokuwapo yeye, kila kitu kitaanguka. Musa, aliyesema na Mungu, alikubali kusikia shauri la mkwewe. Akachagua watu hodari, wacha Mungu, wa kweli, wasiopenda mapato ya dhuluma, nao wakabeba pamoja naye.

Na wewe uliyekwisha kuchoka hata kuichukia kazi uliyoipenda, mkumbuke Eliya chini ya mretemu, alipoomba afe. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akamletea mkate na maji, akamwacha alale tena. Baadaye tu ndipo alipomtuma, na katika kumtuma akampa Elisha awe pamoja naye. Kupumzika si kuasi.

Katika kamati yetu tuliomba radhi mbele ya mkutano wa wazazi, pale pale alipoaibishwa. Tukagawana kazi: mmoja daftari la stoo, wawili chakula cha wanafunzi, wawili utoro, na wengine ujenzi. Hatukufaulu katika yote. Wale wa utoro walilegea mwaka wa kwanza, ikabidi wabadilishwe. Mzee alipumzika mwaka mzima, akalima. Aliporudi hakurudi kuwa mwenyekiti. Alikuwa mjumbe wa ujenzi tu, na jioni alikuwa kwake.

Juma hili, kabla ya kuuliza iliko mifuko sita, tujiulize tulikuwa wapi ilipobebwa. Yuko mtu anayebeba kwa ajili yetu shuleni, kwaya, zahanati au msibani. Tusimpelekee makofi. Tumwendee tumwulize, "Nikupokee lipi?" Naye akiulizwa, asiseme, "Hapana, nitaweza." Ataje moja, alitoe.

Tuombe. Ee Bwana, uliyewaita wanafunzi wako kando wapumzike kidogo, uwatazame wote wanaotumika bila ujira. Utusamehe sisi tuliowatwika kisha tukawashuku. Utupe macho ya Yethro na masikio ya Musa, tubebeane mizigo wala asianguke mmoja. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.