Kipaimara na Bar Mitzva: Mtoto Anakabidhiwa Nini?

Mada iliyowasilishwa katika semina ya makatekista na wazazi, Babati mjini



Nimeombwa nilinganishe kipaimara chetu na bar mitzva ya Wayahudi. Wengi huzichukulia ibada hizi kuwa kitu kimoja: mtoto amekua, Mungu ashukuriwe, ndafu ikatwe. Si kitu kimoja.

Mvulana wa Kiyahudi akitimiza miaka 13 anawajibika kwa Sheria ya Musa, hata asipopikiwa wali. Msichana ni miaka 12. Ibada haimfanyi kuwa mkubwa, inatangaza tu kwamba amekuwa. Kipaimara ni sakramenti, hakiji na umri. Asiyepakwa krisma, hata awe na miaka 60, hajaimarishwa. Wala hakikuwekwa kwa ajili ya kubalehe: Wakristo wa Mashariki humpaka mtoto mchanga siku ileile ya ubatizo. Kwetu pia mpangilio wa asili ni ubatizo, kipaimara, kisha komunyo. Papa Pius X aliposhusha umri wa komunyo ya kwanza hadi karibu miaka saba, mwaka 1910, mahali pengi kipaimara kilibaki nyuma, kikaangukia ujanani, nasi tukakigeuza jando la kanisani.

Sasa tutazame mtoto anafanya nini. Nabugoye, karibu na Mbale nchini Uganda, wapo Abayudaya, jamii ya Kiyahudi iliyotokana na Semei Kakungulu aliyeshika dini ya Kiyahudi mwaka 1919, na iliyovumilia marufuku ya Idi Amin dhidi ya dini hiyo. Nyumbani wengi huzungumza Kiganda, lakini Torati husomwa kwa Kiebrania. Gombo halina irabu wala alama za kuimbia, hivyo mtoto anayesoma siku ya bar mitzva yake huzishika kichwani kwa mazoezi ya miezi. Hagusi ngozi ya gombo kwa kidole. Hufuata mistari kwa kijiti chenye ncha ya umbo la mkono. Akikosea, wakubwa humsahihisha papo hapo. Kwa desturi ya Kiyahudi, baba naye humshukuru Mungu kwa kuondolewa dhamana ya makosa ya mwanawe.

Kwetu askofu hufika mara chache, watoto ni wengi. Msimamizi anaweka mkono begani, paji linapakwa, mtoto anajibu maneno machache, anampisha mwenzake. Hata lile kofi jepesi la shavuni wanalolisimulia babu zetu liliondolewa katika ibada mpya ya mwaka 1971. Neema ameipokea, hilo halina mjadala. Ila kazi hakukabidhiwa. Nyumbani kuna matarumbeta, keki na MC, na kamati ya michango imekesha. Jumapili inayofuata, wengine hatuwaoni tena.

Sisemi tuige bar mitzva. Teolojia yake si yetu. Naomba kamati za liturujia, parokiani na vigangoni, ziwapangie waimarishwa zamu ya kusoma somo la kwanza, mmoja mmoja, kuanzia Jumapili inayofuata kipaimara. Anayekosea asahihishwe, asichekwe. Nanyi wazazi, mnapoandika bajeti ya sherehe, Biblia ya mtoto itangulie ukumbi.