Mgonjwa Naye Ana la Kutoa

Sisi tumezoea kuwazuru wagonjwa. Twabeba uji na matunda, twaketi kando ya kitanda, twaomba, halafu twasema: "Pole sana, mama. Wewe pumzika tu, kazi zote tutafanya sisi." Ni maneno ya upendo. Lakini je, tukiisha kuondoka, mama huyo hubaki na nini?

Uko ugonjwa uitwao maltipo sklerosisi. Mishipa ya fahamu ina utando unaoikinga, kama waya wa stima ulivyofunikwa kwa plastiki. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili yenyewe huushambulia utando huo, katika ubongo na uti wa mgongo. Basi macho hufifia, miguu hulegea, na uchovu humshika mtu hata kama hakufanya kazi. Wengi huanza kuugua wakiwa na umri wa miaka 20 hadi 40. Dawa za kuupunguza nguvu zipo. Ya kuuponya kabisa haijapatikana.

Mwaka 1999, huko Marekani, Carolyn Schwartz na mwenzake walitoa matokeo ya utafiti wao. Wagonjwa 5 wa ugonjwa huu walifundishwa kusikiliza, kisha wakapewa kazi ya kuwapigia simu wagonjwa wenzao 67, kila mwezi kwa mwaka mmoja. Sisi tungedhani waliopigiwa simu ndio waliofaidika zaidi. Sivyo. Waliobadilika zaidi ni wale 5 waliopiga: walijiamini, wakajithamini, na huzuni ikawapungua. Ugonjwa haukuwatoka, lakini walikuwa wamepata mtu wa kumjali.

Kweli, watu 5 ni wachache, na hatuwezi kuweka sheria juu yao. Hata hivyo wametupa jambo la kufikiri. Wazee walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Hawakusema ni miguu yenye nguvu.

Basi wiki hii tukienda kumwona mgonjwa, tusiende na uji peke yake. Twende na shida yetu moja, tumwombe shauri. Tumwombe awakumbuke katika sala watoto wetu walio na mtihani. Tusimnyang'anye kazi anayoiweza, hata ikiwa ni kuchambua maharagwe tu. Na akisema amechoka, tumwamini.

Mungu atusaidie. Kwaherini.