Nyaraka za Mzazi Anayevuka Mpaka Peke Yake na Watoto: Kazi Inayoanzia Kijijini

Ukiwaambia watu wa Kata ya Kitandililo habari za kusafiri nje ya nchi, wengi watafikiria ndege na Ulaya. Lakini nje ya nchi si mbali na hapa. Mji wetu wa Makambako ni njia panda: barabara kuu ya Zambia inapita hapo, ya Njombe na Songea inachepukia hapo, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ina stesheni hapo hapo. Anayepanda basi asubuhi Makambako anafika Tunduma siku hiyo hiyo, na hatua chache mbele ni Nakonde, Zambia. Mama anayemfuata dada yake Zambia kwa likizo ya Desemba, au baba anayewapeleka wanawe kwa shangazi yao Malawi kupitia Kasumulu, ni wasafiri wa kimataifa hata kama mzigo wao ni kiroba cha viazi. Hoja ya mada hii ya semina ni moja: nyaraka zinazomwezesha mzazi kusafiri peke yake na watoto hazitengenezwi mpakani, wala hazianzii kwenye dirisha la Uhamiaji. Zinatengenezwa kijijini, pengine miaka kumi kabla ya safari, siku mtoto alipoandikishwa na siku marehemu alipozikwa. Mpakani zinasomwa tu.

Kuhusu pasipoti sitakaa sana, maana hilo linajulikana. Kila mtoto anahitaji yake, na tangu Serikali ilipozindua pasipoti ya kielektroniki Januari 2018, maombi ya mtoto huambatana na cheti chake cha kuzaliwa na ridhaa ya mzazi au mlezi. Anayekwenda nchi za jirani kwa safari ya haraka anaweza kuomba Hati ya Dharura ya Safari. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano nacho kiwekwe kwenye bahasha hiyo hiyo; tangu Julai 2016 kinatambulika kwa maisha yote, hivyo mtoto aliyechanjwa mara moja hadaiwi tena. Ugumu wenyewe uko kwenye majina. Kwa desturi yetu mtoto hubeba jina lake, la baba na la babu. Mama naye anabaki na majina ya baba yake na babu yake, hata akiwa ameolewa miaka ishirini. Weka pasipoti ya mama na ya mwanawe mezani mwa ofisa wa nchi ya kigeni, hasa anayetoka kwenye jamii ambako mke, mume na watoto hushiriki jina moja la ukoo, naye ataona watu wawili wasio na jina hata moja linalofanana. Kitambulisho cha taifa cha NIDA hakisaidii kwa sababu mtoto hapewi mpaka afikishe miaka 18. Kinachobaki kuthibitisha kwamba huyu ni mama wa huyu ni cheti cha kuzaliwa, chenye majina ya wazazi.

Na hapo ndipo taifa lilipokuwa limelala kwa muda mrefu. Sensa ya 2012 ilionyesha kwamba ni kama asilimia 13 tu ya watu wa Tanzania Bara waliokuwa na vyeti vya kuzaliwa. Mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano, ulioanzia Mbeya mwaka 2013 chini ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) na kuingia mkoani Njombe mwaka 2016, ulibadili hali hiyo kwa njia rahisi: badala ya mzazi kupanda gari hadi ofisi ya wilaya, cheti kiliandikwa kwa mkono na kutolewa bila malipo kwenye kituo cha afya au ofisi ya mtendaji wa kata, na taarifa zikatumwa kwa simu. Ni mafanikio makubwa, na sisemi hivyo kwa adabu ya semina. Lakini cheti kinachoandikwa kwa mkono hubeba makosa ya mkono. Huku kwetu herufi R na L hupishana midomoni, kwa hiyo mama anayeitwa Rehema kwenye kitambulisho anaandikwa Lehema kwenye cheti cha mwanawe. Baba anaandikwa kwa jina la ubatizo peke yake, au kwa jina analoitwa kilabuni. Mama anaandikwa majina mawili badala ya matatu. Tarehe 10/11 inageuka 11/10 kwa sababu kadi ya kliniki imefubaa. Makosa haya hayana madhara shuleni, ambako mwalimu mkuu anamjua mzazi. Siku ya kuomba pasipoti au viza, herufi moja inageuka swali, na swali linaweza kula miezi. Kusahihisha kunawezekana: ombi kwa Msajili, hati ya kiapo, na ushahidi kama kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo. Lakini hakuna sahihisho la siku mbili kabla ya safari.

Cheti kikiwa sawa, linabaki swali ambalo kila mzazi anayesafiri peke yake ataulizwa mahali fulani: mwenzako yuko wapi? Nasema wazi kwamba swali hilo lina majibu manne tu mbele ya sheria, na kila jibu lina karatasi yake. Yupo na amekubali: karatasi yake ni barua ya ridhaa. Amefariki: ni cheti cha kifo. Hakuandikwa kwenye cheti cha mtoto: ni cheti chenyewe, kikisindikizwa na kiapo cha mama. Yupo lakini wametengana na mahakama imeamua mtoto akae na nani: ni nakala ya amri ya mahakama. Wengi husafiri na jibu la tano, la mdomo, kwamba baba yuko mjini anatafuta maisha. Jibu hilo linaweza kuwa kweli tupu, na bado halina karatasi.

Barua ya ridhaa nitaieleza kwa undani kidogo kwa sababu ndiyo inayoandikwa vibaya kuliko zote. Wengi wanadhani barua ya utambulisho ya mtendaji wa kijiji inatosha. Haitoshi, maana inasema unakaa kitongoji gani na kwamba ni raia mwema. Haisemi kwamba baba wa mtoto amekubali. Barua ya ridhaa inaandikwa na mzazi anayebaki. Inataja majina yake kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho, majina ya mtoto na tarehe ya kuzaliwa kama vilivyo kwenye cheti, majina na namba ya pasipoti ya mzazi anayesafiri, nchi wanayokwenda, watafikia kwa nani, na tarehe za kuondoka na kurudi. Inasainiwa mbele ya hakimu au wakili ambaye ni kamishna wa viapo, si mbele ya mjumbe, na inaambatanishwa nakala ya kitambulisho cha aliyesaini pamoja na namba ya simu ambayo kweli inapatikana. Iandikwe kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, maana tangu kituo cha huduma kwa pamoja cha Tunduma na Nakonde kilipofunguliwa Oktoba 2019, ofisa wa Tanzania na wa Zambia wanafanya kazi mahali pamoja, na wa pili si lazima ajue Kiswahili. Tahadhari moja: barua isiyo na tarehe ya kurudi ni barua mbaya kwa pande zote mbili, kwa sababu inampa anayesafiri mtoto bila kikomo na inamwacha aliyebaki bila cha kushika.

Kwa mkoa wetu jibu la pili, la kifo, lina uzito wake. Utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulikuta maambukizi ya VVU mkoani Njombe yakiwa asilimia 11.4 ya watu wazima, juu kuliko mkoa mwingine wowote, na ule wa 2022 na 2023 ukakuta asilimia 12.7. Nyuma ya takwimu hizo kuna wajane, wagane na bibi wanaolea wajukuu. Sheria inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30, lakini kijijini mazishi hufanyika kwa kibali, matanga yakaisha, na cheti hakifuatwi mpaka litokee shauri la mirathi au mafao. Ambaye mume wake hakuwa na mafao wala shamba la kugombewa hana kinachomsukuma kukitafuta. Miaka sita baadaye, mjane huyo anaombwa barua ya ridhaa ya mtu aliye kaburini. Bibi naye ana ugumu zaidi, kwa sababu hata vyeti viwili vya vifo havimfanyi kuwa mlezi kisheria. Anahitaji amri ya mahakama, na hapo ndipo afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anapaswa kumsaidia mapema.

Kuna watakaosema kwamba haya yote ni kumtuhumu mzazi. Mama aliyembeba mtoto miezi tisa anaulizwaje kama ni wake? Naielewa hasira hiyo, ila siikubali. Mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019 mkoa huu uliomboleza watoto waliotekwa na kuuawa, na wakati ule hakuna mzazi aliyeona vibaya mgeni aliyeshika mkono wa mtoto akisimamishwa na kuhojiwa. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ilitungwa mwaka 2008 kwa sababu watoto huondolewa makwao na watu wanaojiita shangazi na wajomba. Tena si wageni peke yao wanaochukua watoto. Wazazi waliogombana huchukuliana watoto, na ndiyo maana Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumwondoa mtoto kinyume cha sheria kwa anayekaa naye kihalali, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inaipa mahakama uwezo wa kuzuia mtoto asitolewe nchini. Mkataba wa The Hague wa 1980 uliwekwa ili watoto waliochukuliwa na mzazi mmoja warudishwe, lakini unafunga nchi zilizojiunga tu, na Tanzania haimo. Maana yake ni kwamba mtoto akishavuka, kumrudisha ni kazi ya ubembelezi na mawakili. Ukaguzi kabla ya kuvuka ndio kinga pekee iliyo karibu.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa akina mama, na halifai kujibiwa kwa mkato. Wanasema: mwanaume aliyenitelekeza na mtoto wa miezi minne, asiyeleta hata sabuni, leo nimpigie magoti anipe ruhusa? Ni kweli kwamba ridhaa ya wazazi wawili, ikidaiwa kwa ukali bila mlango wa pili, inampa aliyekimbia rungu la kumpigia aliyebaki. Afrika Kusini iliyaona hayo. Kuanzia tarehe 1 Juni 2015 ilidai kila mtoto anayeingia au kutoka awe na cheti kamili cha kuzaliwa na kiapo cha ridhaa cha mzazi asiyesafiri; familia zikakwama viwanja vya ndege, sekta ya utalii ikalalamika, na mwishoni mwa 2019 watoto wa kigeni wakaondolewa sharti hilo, ingawa watoto wa Afrika Kusini wenyewe walibaki nalo. Somo ninaloliona hapo ni kwamba karatasi isidaiwe kwa mtu asiye na njia ya kuipata. Mlango wa pili kwetu upo: mama anaweza kuomba mahakama impe haki ya kukaa na mtoto chini ya Sheria ya Mtoto, huku taarifa ya ustawi wa jamii ikieleza kwamba baba hapatikani wala hatunzi. Amri hiyo inamwondolea ulazima wa kubembeleza kila safari. Kasoro yake ni muda na nauli, na hapo lawama ni ya mfumo. Njia mbaya kuliko zote ni ile inayopendwa, ya kumwomba shemeji asaini kwa jina la baba. Hiyo ni kughushi, na ikigundulika inaharibu hata ukweli mwingine wote uliomo kwenye bahasha.

Wengine wanasema mbona watu wanapita Tunduma kila siku na hawaulizwi kitu. Wanapita, ndiyo. Lakini kutoulizwa ni bahati ya siku hiyo, na msafiri hawezi kuiweka kwenye begi. Zaidi ya hapo, safari za watu wa hapa hazitaishia Nakonde. Nchi za Schengen barani Ulaya hudai saini za wote wenye mamlaka juu ya mtoto kabla ya kutoa viza, na Uingereza huomba ridhaa ya maandishi. Anayepata nafasi ya masomo huko na kutaka kwenda na mwanawe atakaguliwa kwa karatasi zile zile alizozipuuza alipokuwa anakwenda Zambia.

Kwa hiyo ombi langu kwa watendaji wa vijiji na wa kata mliopo ni dogo na linawezekana. Familia ikija kuomba kibali cha mazishi, iambieni hapo hapo kuhusu cheti cha kifo na zile siku 30. Mama akija kuandikisha mtoto ndani ya siku 90 zinazotakiwa, mwombeni kitambulisho chake na muandike majina matatu kama yalivyo humo, herufi kwa herufi, kisha msomeeni kabla ya kugonga muhuri. Na ninyi wazazi, kitoeni cheti cha mtoto kabatini leo jioni, mkilinganishe na vitambulisho vyenu. Kikiwa na kosa, msisubiri safari. Msajili wa Wilaya yuko ofisi ya Mkuu wa Wilaya mjini Njombe, kilomita zipatazo 60 kutoka Makambako.